Nilifuta Neno Utani, Wakampiga Mtani Wangu

Shida zangu zilianza mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, pale Lubumbashi, siku mgodi ulipomfunika baba. Mjomba aliyenichukua alinilea kwa mkanda wa ngozi, upande wenye chuma. Shule niliiacha darasa la pili. Lakini hayo yote nilifanyiwa na watu. Hili ninalokuja kuungama leo nililifanya mimi, kwa kidole changu, mzee mwenye mvi, nimeketi kwenye kiti kizuri, nimeshiba!

Nimekosa, ndugu zangu. Sitafuti mtu wa kunionea huruma. Nisikilizeni kwanza, halafu mnitukane mkitaka.

Nilipofika Bruxelles niliosha sahani. Kisha nikabeba nusu za ng'ombe begani kule machinjioni Anderlecht, damu ikinitiririka mgongoni mpaka ndani ya viatu. Kusoma nasoma kwa shida, lakini nilifungua duka langu mwenyewe karibu na uwanja wa Flagey: unga, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa chumvi, samaki wa barafu. Hakuna mtu aliyenisukuma mgongo. Ndiyo maana kichwa changu ni kigumu. Najua.

Sasa niwaambie kuhusu rafiki yangu. Nitamwita Chui, maana ukoo wake ni wa Chui. Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi. Kwetu, Chui na Mbuzi ni watani toka mababu. Bon, kwa wale wasiojua: mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mahali popote, mbele ya wakwe zako, mbele ya maiti, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Na siku unapofiwa, yeye ndiye anayekuja kukufanyia kazi ambazo ndugu zako hawaziwezi kwa uchungu.

Mwanangu wa kwanza aliitwa Kalenga. Surua ilimchukua akiwa bado mdogo, tungali Lubumbashi. Mimi nilikaa chini, silii, sili, siongei. Chui akaingia matangani akiramba vidole. Akasimama katikati ya watu wote, akasema:

“Njo mimi nilimukulaka! Nyama laini, ila hapana chumvi! Huyu Mbuzi hajue kulisha batoto yake chumvi?”

Yaani yeye, Chui, ndiye aliyemla mwanangu! Wamama walipiga kelele, wakacheka huku wanalia. Mimi nilimrukia nimkabe koo, nikajikuta nacheka kifuani mwake. Kisha machozi yakatoka, yale yaliyokuwa yamegoma. Akanishika mpaka nikatulia. Halafu akavua shati, akaenda kuchimba kaburi. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Viganja vyake vilipasuka damu na alikataa mtu yeyote ampokee sururu.

Huyo ndiye mtu niliyemfanyia ninayotaka kusema.

Tulifika Ubelgiji kila mtu kwa njia yake. Yeye alifanya kazi ya kuhudumia wazee wa Kizungu katika nyumba moja kule Uccle mpaka akapata pensheni, sasa anakaa Ganshoren na mke wake. Kila asubuhi tulitumiana sauti kwa simu. Matusi tu! Ataniambia nanuka mpaka tramu inakataa kusimama kwangu. Mimi nitamwambia meno yake yameisha, sasa awinde mboga. Na kila mwaka, siku aliyokufa Kalenga, ananitumia yale yale ya matangani: “Njo mimi nilimukulaka, hapana chumvi.” Hajawahi kusahau siku hiyo. Mimi baba mtu niliwahi kuisahau mara moja, yeye hapana.

Binti yangu Clarisse anafanya kazi ya kompyuta. Ndiye aliyesema: “Papa, hizi sauti zenu ni hazina, tufanye kitu.” Akatengeneza mfululizo wa video kwa hii akili bandia. Kila siku mashine yenyewe inaingia kwenye kundi letu la simu, inachukua sauti mpya, inatunga kisa, inachora, inaweka maneno yetu, inatoa video. Mimi nilikuwa mbuzi mwenye kofia. Yeye alikuwa chui mwenye koti la mvua na mwavuli. Watu wa Lubumbashi walitupenda, wa Kolwezi, hata wa Paris. Dukani watoto waliniita Papa Mbuzi. Mimi niliyeacha darasa la pili!

Clarisse alikuwa ameweka mipangilio yake. Wanyama tu, si watu. Vichekesho. Damu, hakuna. Video isitoke kabla yeye hajaitazama. Tena palikuwa na kisanduku ambamo unaielezea mashine mambo, akaandika mle: “Hawa wazee wawili ni watani. Matusi yao ni upendo. Usiyachukue kama vitisho wala kama mambo ya kweli.”

Aliniambia: “Papa, angalia tu. Usiguse mipangilio.”

Mimi? Nisiguse? Ndani ya kitu chenye sauti yangu?

Basi ikafika wakati watazamaji wakaanza kupungua. Jirani na duka langu kuna kinyozi, kijana wa kwetu, mdomo mrefu. Siku hiyo nilikuwa kwenye kiti chake, ananinyoa kidevu.

“Papa Mbuzi, video zenu ni za kulalisha batoto sasa,” akasema, na wateja wakacheka. “Tazama hii ingine. Ona! Kisu, damu, bantu banalia. Iyi njo inatembea.”

“Damu?” nikamwambia. “Mie nilibeba damu kwa mugongo mbele wewe huyazaliwa.”

“Sasa juu ya nini mbuzi yako iko kama ya crèche ya batoto?”

Wakacheka tena. Nikatoka pale nusu ya kidevu haijanyolewa. Yaani kicheko cha vijana wanne kwa kinyozi! Hicho ndicho kilichoniangusha mimi, mtu ambaye mkanda wenye chuma haukumwangusha.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, duka tupu. Nikachukua tableti ya Clarisse iliyokaa chini ya kaunta. Nikaingia kwenye mipangilio, herufi kwa herufi, kwa jasho. Palipoandikwa wanyama, nikaweka watu halisi. Palipoandikwa vichekesho, nikaweka mkasa wa kweli. Mstari wa kiasi cha damu niliuburuta mpaka mwisho. Ikaniuliza kama itumie picha za kwenye kundi letu. Nikasema ndiyo. Ile ya kusubiri ruhusa nikaizima. Ruhusa ya nani, na hili duka ni la nani?

Halafu nikafika kwenye kile kisanduku cha maneno ya Clarisse. Nikayasoma polepole, nikacheka peke yangu. Mtu gani asiyejua utani? Nikaona tena ni kama tunajidhalilisha, kama tunawapigia watu magoti watuelewe. Nikayafuta. Yote. Nikarudisha tableti mahali pake, nikajisikia mwanamume.

Na wiki hiyo, jamani, ndiyo ilikuwa wiki ya Kalenga! Chui alikuwa ametuma sauti yake Alhamisi.

Jumamosi nilikuwa kwenye ghala kupakua mizigo. Sikuangalia simu. Video ilitoka yenyewe asubuhi, Clarisse akidhani bado inamsubiri yeye.

Nimeiona baadaye, mara moja, na haitarudi kuonekana na macho yangu. Haikuwa katuni. Alikuwa Chui. Uso wake, kovu lake la juu ya jicho, koti lake la kanisani. Ameshika panga, ameingia katika nyumba, na kitandani kuna mtoto. Sitawaambia alichomfanyia yule mtoto. Mimi nimetoa matumbo ya ng'ombe kwa mikono hii na nilitapika kwenye ndoo. Kisha anageuka, damu kidevuni, anakutazama, na sauti inatoka. Sauti yake kabisa! “Njo mimi nilimukulaka.” Na juu ya video, maandishi makubwa: mkasa wa kweli.

Chui hakuiona. Simu yake ni ya kizamani, kwenye kundi inafungua sauti tu, video hapana, na macho yake hayapendi vioo vya simu.

Jumapili tulikutana Flagey sokoni kama kawaida yetu. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kuku wa kuchoma, yeye amesimama hatua chache kutoka kwangu, mbele ya meza ya nyanya, anabishana na muuzaji. Akanipigia kelele: “Mbuzi! Nunua kubwa! Ile ya juzi ilikuwa na mwili kama wako!”

Wakaja vijana watatu. Mmoja ana simu mkononi, anaangalia simu, anamwangalia Chui.

“Mzee, njo wewe wa video?”

Chui akafurahi. Alizoea kusimamishwa na watu walioijua sauti yake ya katuni. “Njo mimi mwenyewe!”

“Ule mutoto, ulimukula kweli?”

Naye, mtani wangu, akacheka kwa sauti yake kubwa, akajibu kama alivyojibu miaka yote: “Kweli kabisa! Mbichi! Na hapana chumvi! Baba yake iko pale kwa kuku, naye nitamukula kwa chakula ya midi!”

Na mimi pale kwenye foleni nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nilicheka mpaka ngumi ya kwanza ilipompata mdomoni.

Alianguka juu ya meza ya nyanya, meza ikaanguka naye. Wakamwingia kwa mateke. “Muuaji wa batoto! Assassin!” Kichwa, mbavu, kichwa tena. Kiatu kikampata jichoni na nikasikia ule mlio mpaka nilipokuwa. Damu na nyanya zikawa kitu kimoja, hujui kipi ni kipi. Watu wakatoa simu, wakaanza kupiga picha. Mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye kikapu, alipita akamtemea mate, akaendelea na soko lake!

Nilitupa kuku. Niling'oa chuma kimoja cha hema la muuzaji, nikaingia. Nilimpiga wa kwanza mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Wa pili nikampiga mgongoni. Wa tatu akanirukia kwa nyuma, akanibana shingo, tukaanguka wote juu ya vyombo vya muuza maua, vioo na maji. Nilikuwa napiga na napiga kelele: “Ni utani! Ni mtani wangu! Ni utani!” Bwana mmoja wa Kibelgiji ananiuliza kwa upole kabisa huo utani ni kitu gani, “C'est quoi, monsieur? C'est quoi?” Nimueleze nini, na damu ya rafiki yangu iko kwenye ulimi wangu?

Chui alikuwa chini, shavu kwenye mawe. Jicho moja limefumba. Akanitafuta kwa lile lingine.

“Mbuzi,” akasema, na meno yakatoka pamoja na neno. “Bale batoto banakasirika juu ya nini?”

Kisha akazimia. Mungu wangu!

Ambulensi ilimchukua Chui, sisi wengine polisi walitupakia. Clarisse alinikuta kwenye benchi la korido yao, nguo zimeganda damu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

“Papa, ulifuta maneno yangu?”

“Kila muntu anajua utani, mama.”

“Nani, papa? Nani, hapa?”

Na kumbe tukiwa pale pale, hakuna aliyekumbuka kuizima mashine, inaendelea na kazi yake! Mtu alikuwa ameweka kwenye kundi picha ya Chui kitandani hospitali, ili watu wamwombee. Mashine ikaichukua. Ikatoa video nyingine asubuhi ya Jumatatu: muuaji amekamatwa, anakufa polepole. Na sauti yangu inacheka juu yake. Clarisse aliizima mashine akiwa amesimama barabarani. Tulitoa maelezo, tukaomba radhi, tukaeleza ukoo na ukoo. Wangapi walitazama? Wachache sana. Wanaotaka damu hawataki maelezo.

Baada ya siku mbili akaja Didier, mtoto wa Chui. Kijana mkubwa, mlinzi kwenye maduka, amezaliwa hapa hapa. Nilimbeba siku alipobatizwa, na huniita tonton, yaani baba mdogo. Akafunga mlango wa duka kwa ufunguo uliokuwa ukining'inia, akageuza kibao upande wa kufunga.

“Tonton. Papa yangu alimuua nani?”

“Hapana mtu. Ikala, nikuelezee.”

“Elezea nimesimama.”

“Ilikuwa utani, mwanangu. Siye Mbuzi na nyinyi Chui...”

“C'est sa voix, tonton! Ni sauti yake! Batoto yangu banaulizwa kwa masomo kama babu yao anakulaka bantu!” Akatoa simu, akanisogezea usoni. Ni ile ya sokoni, mtu alipiga tangu mwanzo. “Na huyu ni nani? Huyu kwa foleni ya kuku? Uko unacheka. Banamupiga papa yangu, na weye uko unacheka!”

“Didier, sikia...”

“Nilikuwa nakuitaka tonton!”

Akafungua friji. Akatoa samaki mzima wa barafu, mgumu kama gogo, akanipiga naye sikioni. Duka lote likalia kengele. Akanipiga tena, mdomoni. Nikaangukia mifuko ya unga, ikapasuka, tukawa weupe wote wawili. Na mimi badala ya kulala pale nipokee changu, kiburi kikaamka. Nikamshika mkono nikamng'ata! Mzee mzima, namng'ata mtoto wa mtani wangu kama mbwa, mpaka nikahisi ngozi imekatika. Akaniangushia rafu. Akavunja kioo cha mbele kwa teke. Kisha akakaa chini katikati ya unga na vioo, akalia kama alivyolia kwenye ubatizo, mdomo wazi.

Nilitaka kumgusa bega. Akasema, “Touche pas. Usiniguse.”

Polisi walipouliza, niliwaambia rafu ilianguka yenyewe.

Nilingoja mpaka wakaniruhusu kumwona Chui. Njia nzima kwenye tramu nilikuwa natafuta tusi. Nilitaka zuri, la kufungulia mlango. Niliona nikimpata akanijibu, basi tumepona, mengine ni mambo ya madaktari.

Nikaingia. Mke wake ameketi kando. Yeye ana bandeji nusu ya kichwa, jicho la kushoto wamelitoa.

“Weye Chui!” nikasema. “Kumbe meno yote imeisha! Sasa utanikula na nini, na fizi?”

Akanitazama kwa jicho lake. Akamwomba mke wake ampandishe kitanda. Akafunga kifungo cha juu cha pijama, taratibu, kwa vidole vilivyovimba. Halafu akasema:

“Karibu, monsieur. Asante sana kwa kufika. Nyumbani hamujambo?”

Nyumbani hamujambo! Mimi!

Nikadhani anacheza. Nikajaribu tena: “Chui mzee, ile ngozi yako nitafanya nayo zulia ya choo.”

“Mungu awabariki,” akasema. “Nachoka kidogo, mtanisamehe.”

Mke wake alitazama chini. Nikapiga magoti, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtu magoti, hata mjomba mwenye mkanda. Nikamwambia: “Nitukane. Nakuomba. Sema hata neno moja. Sema nanuka.”

Akasema polepole, bila hasira kabisa: “Monsieur, siwezi kumukosea mgeni heshima.”

Nimepigwa mengi katika maisha haya. Chuma, ngumi, samaki. Hakuna lililoniingia kama lile la heshima. Mtani wako akianza kukuheshimu, amekuzika.

Nimerudi mara nyingi. Ananipokea vizuri kila mara. Anauliza habari za Clarisse. Anasema asante kwa matunda.

Ndugu zangu, nyinyi mnaoachia mashine maneno ya nyumbani kwenu, mnisikie. Mashine haikuwepo matangani. Haijui nani alichimba nani akalia. Kitu ambacho unaona kila mtu anakijua, hicho ndicho cha kuandika kwanza, kwa herufi kubwa, na usikifute! Na kama mtoto wako amekwambia usiguse, usiguse. Kidole changu hiki kimeumiza kuliko panga.

Na kwa wale vijana watatu: mmoja wenu nilimvunja mkono. Sijui niwaambie nini. Mliona mtoto anachinjwa, mkaamini. Mimi ndiye niliyewachinjia.

Leo nina duka, kioo cha mbele kipya. Nina friji tatu, moja haifungi vizuri. Gari la mizigo. Chumba cha kulala na jiko, juu ya duka. Kiwanja kule Lubumbashi, kina ukuta, hakina nyumba. Meno ya kubandika ya juu. Sikio moja linalosikia. Kesi ambayo haijaisha. Binti ambaye anakuja Jumapili na kukaa nami bila kusema mengi. Simu nzuri, mpya, inashika kila kitu. Asubuhi hailii.